Kaka, Usiuze Hilo Chogo Kwanza!

Mwenye banda la gemu huko Choma, Igunga, anataka kuuza TV yake ya chogo aweke flati, eti wateja wanapenda kioo kikubwa. Kaka, tulia kwanza! PS2 ilitoka mwaka 2000, enzi za chogo. Flati nyingi zikipokea picha yake kwa ule waya wa njano, zinaigeuza kwanza ndipo zionyeshe. Unabonyeza pedi sasa, shuti linapigwa baadaye. Dogo kalipa hela yake, anafungwa bao lisilo lake! Na lile gemu la kupiga bata kwa bastola? Kwenye flati halisomi kabisa. Sawa, chogo ni zito na linakula umeme. Basi akitaka flati, abebe PS2 yake hadi dukani, aijaribu kabla hajatoa hela. Wadau, mnasemaje?