Nani Aliyekwambia?

Tulipokuwa watoto chuoni, mmoja wetu akitaja hadithi mbele ya mwalimu, mwalimu hakuanza kwa kuuliza hadithi yenyewe yasemaje. Aliuliza, "Umeipokea kwa nani?" Mwenye jawabu alisikizwa, na asiye na jawabu aliambiwa akae kitako. Siku zile niliona ni ukali tu. Leo, nami nimevuka hamsini, natambua kwamba swali lile lafaa hata kwa nyimbo na vitabu. Aliyenifunza hayo si sheikh wala si mshairi wa Mvita, bali ni Mkamba wa Mutomo, kusini mwa Kitui.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika miaka ya tisini tulikuwa tukifanya kazi pamoja hapa Mombasa. Siku moja nilimpa nakala yangu ya "Sauti ya Dhiki", diwani ya Abdilatif Abdalla, nikamwambia, "Bwana, ukisoma kitabu kimoja tu cha mashairi maishani mwako, basi soma hiki." Mwenzangu hakupenda kukaa na deni. Juma la pili yake akaniletea kanda ya Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers, akasema, "Ustadhi, nawe sikiza hii." Nikamshukuru kwa ulimi, na kanda nikaitia katika mtoto wa meza.

Mbona sikuisikiza? Nitasema kweli ijapokuwa chungu. Mimi nimelelewa na udi wa Zein l'Abdin, na Juma Bhalo akiyaimba mashairi ya jamaa yake Ahmad Nassir. Nilidhani mtu wa bara hana la kuniambia kwa Kiswahili, na gitaa la benga kwangu lilikuwa kelele za vilabuni. Hicho kilikuwa kiburi, wala hakina jina jingine.

Ikapita miaka zaidi ya ishirini. Usiku mmoja televisheni ilikuwa na kipindi cha nyimbo za zamani. Nikasikia magitaa yakijibizana, na sauti ya mtu anayesimulia mambo ya watu kwa Kiswahili chepesi, kisicho cha Mvita wala cha Unguja, lakini ambacho abiria yeyote katika kituo chochote cha basi angekifahamu. Nikaacha chakula. Nikauliza, "Ni nani huyu?" Jina likaandikwa chini ya picha: Kakai Kilonzo. Mtu mwenyewe alikwisha kufariki tangu 1987. Asubuhi nikaitafuta ile kanda, nikaikuta imeharibiwa na unyevu wa bahari, haichezeki tena.

Nikaona haya, nikafunga safari. Rafiki yangu alikuwa amestaafu, amerudi kwao. Mtu wa Mombasa aendaye Mutomo hushika njia kuu ya Nairobi mpaka Kibwezi, kisha huiacha na kufuata njia ya Kitui kupitia Ikutha. Zamani njia hiyo ilikuwa ya vumbi. Siku hizi imetiwa lami. Mwenyeji wangu alinipokea kwa furaha, na ilipofika magharibi, ijapokuwa yeye si Mwislamu, alinitandikia mkeka safi nikaswali.

Baada ya chakula akaingia ndani, akatoka na kitabu. Kilikuwa kile kile nilichompa. Jalada limegandishwa kwa gundi na kurasa zimelegea. Ndani ya jalada palikuwa na orodha ya majina ya wote waliokiazima: nduguye, walimu, majirani na vijana wa shule. Jina la kwanza juu kabisa lilikuwa langu, kwa kuwa kwangu ndiko kilikotoka. Ama hiyo, wasomaji, ilikuwa ni isnadi! Akaniambia kwa upole, "Mimi nilisoma chako, Ustadhi. Changu hukukisikiza." Sikuwa na jawabu.

Sisemi televisheni haina faida. Bila hiyo ningekufa na ujinga wangu. Tena marehemu Ken Walibora, aliyefariki 2020, alikuwa msomaji wa habari za Kiswahili katika televisheni. Yamkini wako waliomjua kwanza kwa sura, ndipo wakaitafuta "Siku Njema" aliyoitoa 1996. Lakini televisheni hainijui mimi. Huwaambia watu wote neno lilo moja, wala hairudi kesho kuniuliza kama nimesikiza. Na mara nyingi huchelewa. Bi Kidude alipofariki 2013, Bhalo 2014 na Zein 2016, ndipo vijana wengi walipowaona kwenye habari, siku ya msiba. Rafiki anaponipa kitabu huweka rehani heshima yake, nami nikikidharau nimemdharau yeye. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Hata "Sauti ya Dhiki" yenyewe ni kazi ya mikono ya watu. Mashairi yale yaliandikwa gerezani baina ya 1969 na 1972, juu ya karatasi za chooni, yakatolewa nje kwa siri, yakapigwa chapa 1973, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Lau aliyeyapokea angeyatia katika mtoto wa meza kama nilivyofanya mimi, leo tungekuwa na nini?

Najua wako kati yenu wasioona kheri katika gitaa, nami siwaingilii. Shauri langu latosha kwa vitabu na mashairi. Sisi watu wa pwani hulalamika kwamba watu wa bara hawawajui malenga wetu. Je, tumewapa diwani ngapi mikononi? Na wao wakitupa chao, twakipokea, au twawakosoa ngeli tu? Lugha tunayojivunia imefika Mutomo siku nyingi, nayo imezaa huko. Mzazi asiyetaka kumwona mjukuu wake hana haki ya kulalamika kwamba hatembelewi.

Nilipoondoka, mwenyeji wangu alinitilia nyimbo za Kakai katika simu, nikazisikiza njiani hadi Mariakani. Juma lile nikamsikizisha jirani yangu barazani. Alinyamaza mpaka wimbo ulipokwisha, kisha akauliza, "Haya, nani aliyekwambia?" Nikamtajia rafiki yangu, jina lake na la babake, na kwao.