Rambo kafa, mrithi wake yuko sokoni

Wiki iliyopita nilikwenda sokoni kununua dagaa. Nusu kilo tu, za kumtuliza mtu mwenye familia mpaka mwisho wa mwezi. Mama muuzaji akanipimia, kisha akaniuliza, "Baba, umekuja na chombo?" Sikuwa na chombo. Mama akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama chini ya meza na kuchomoa kifuko cheupe cha nailoni, kile chepesi kinachoonyesha ndani. Akafunga haraka kama mtu anayeuza bangi. "Weka ndani ya koti, baba, wale jamaa wako kwenye mchele."

Wale jamaa ni mgambo. Mama alinisimulia kwamba mwezi uliopita walimkuta na pakiti nzima ya vifuko hivyo wakampa achague: laki moja kisheria, au elfu ishirini kiungwana. Akalipa kiungwana. Risiti ya kiungwana, kama unavyojua, haiandikwi.

Nikatoka pale dagaa zikiwa kwapani, nikaapa kwamba wiki hii nitaandika habari ya mifuko.

Nianze kwa kutoa haki. Sisi tulio upande huu hatupendi kuisifu serikali, na mara nyingi haitupi nafasi ya kufanya hivyo, lakini ukweli lazima usemwe. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara, na Rambo alikufa kweli. Wazee wenzangu mnamkumbuka Rambo, ile mifuko iliyokuja na picha ya jamaa wa sinema mwenye bunduki, mpaka kila mfuko wa nailoni ukaitwa rambo. Ilitundikwa kwenye michongoma, ikaziba mitaro ya Kariakoo, ikaliwa na mbuzi. Mvua ikinyesha Jangwani maji yalikosa pa kupita. Leo rambo nyeusi ile huioni. Waziri Mkuu Majaliwa alitangaza bungeni Aprili 9, na katika wiki chini ya nane watu wakabadilika. Anayesema Mtanzania hafuati sheria amepewa jibu.

Hata hivyo, usisahau tulivyochelewa. Zanzibar walipiga marufuku mwaka 2006. Rwanda walitunga sheria yao mwaka 2008, na wakaisimamia mpaka kwenye mabegi ya wasafiri. Kenya, baada ya kujaribu na kushindwa zaidi ya mara moja, waliifunga hesabu Agosti 28, 2017. Huku Bara tulikuwa tunacheza ngoma ya mikroni. Mara mfuko usiwe chini ya mikroni 30, mara usiwe chini ya mikroni 50. Mikroni, ndugu msomaji, ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Muuza mchicha wa Buguruni angezipima kwa kutumia nini? Mwaka 2016 tukaahidiwa kwamba 2017 ikianza mifuko basi. Ikaanza, ikaisha, mifuko ipo. Tulichofanikiwa mwaka ule ni kupiga marufuku pombe za viroba, tangu Machi 1, 2017, na hapo pia plastiki ndogo nyingi ziliondoka mitaani, ingawa sababu iliyotangulizwa ilikuwa ulevi wa vijana.

Sasa tumtazame mrithi. Rambo alipozikwa tuliambiwa tununue "mfuko mbadala", ule unaofanana na kitambaa, wenye masikio mawili. Watu wakafurahi wakauita mfuko wa kitambaa. Hebu chukua mmoja, uwashie kiberiti kwenye pembe. Pamba ikiungua huacha jivu. Huu unayeyuka na kudondoka matone, na harufu yake unaijua. Ndugu yangu, hiyo ni plastiki! Inaitwa polipropilini, na imetoka kwenye mafuta yale yale yaliyomzaa Rambo, ila imepulizwa kuwa nyuzi na kubanwa ionekane kama nguo. Wakenya waliona mapema. Mwaka 2019 mamlaka yao ya mazingira ilitaka kuipiga marufuku nayo, kwa kuwa ilikuwa inatengenezwa myembamba isiyodumu, na wenye viwanda wakakimbilia mahakamani.

Wataalamu watasema mfuko huo ukiwa mzito unatumika mara nyingi, na hapo ndipo faida yake. Sawa, nakubali. Kiwango chetu kinataka uzito usiopungua gramu 70 kwa kila mita ya mraba. Mfuko wa uzito huo utabeba viazi mwaka mzima. Lakini mfuko unaouziwa wewe dukani unapasuka masikio kabla hujafika kituo cha daladala. Mfuko wa kubebea mara moja ni mfuko wa kutupa mara moja, uite mbadala au uite malaika. Tofauti niionayo mimi ni kwamba Rambo tulipewa bure na huyu tunamnunua.

Na kile kifuko cheupe cha mama wa dagaa? Hicho kina ujanja wake. Kanuni za 2019 ziliacha mlango kwa vifungashio vya plastiki: vya dawa, vya viwandani, vya kilimo, vya vyakula vilivyosindikwa. Mlango huo una maana yake, maana dawa haziwezi kufungwa kwenye jani la mgomba. Ila kupitia humo humo vikaingia vifuko vyeupe kwa maroba, na havikwenda hospitali, vilikwenda genge la nyanya. Mwaka 2021 serikali ikatoka tena kukemea kwamba vifungashio vimegeuzwa vibebeo. Ikakemea sana. Leo nimerudi na dagaa ndani ya kimoja.

Hapa ndipo napouliza swali ambalo wakubwa hawalipendi. Kifuko kile mama hakukifinyanga jikoni kwake. Kuna mashine iliyokizalisha au meli iliyokileta, na malighafi ya plastiki haipiti bandarini kwa mguu. Kanuni zenyewe zinajua nani mkubwa. Anayezalisha au kuingiza mifuko hiyo nchini amewekewa faini kuanzia shilingi milioni 20 hadi bilioni moja, au kifungo kisichozidi miaka miwili. Anayeuza, laki moja hadi laki tano, au miezi mitatu. Anayekutwa nao, elfu thelathini hadi laki mbili, au siku saba ndani. Kwenye karatasi ni ngazi nzuri, ya juu inauma kuliko ya chini. Lakini mgambo anapanda ngazi ipi? Mwenye mashine ana ukuta, mlinzi na namba za simu za watu. Mama ana meza. Basi faini inaishia mezani.

Na mgeni je? Mwaka ule ule watalii walitangaziwa waache mifuko yao uwanja wa ndege, isipokuwa vile vifuko vyenye zipu vya kuwekea dawa za meno na shampuu, kwa maelezo kwamba mgeni anatarajiwa kuondoka navyo. Sina ugomvi na mgeni. Ninachotaka ni mama wa dagaa naye afikiriwe hivyo, kama mtu mwenye shida halisi inayohitaji jibu.

Shida yake ni hii: samaki na dagaa vina maji, vina mafuta na vina harufu. Mfuko wa masikio mawili unavuja, tena bei yake inakaribia faida ya nusu kilo nzima. Karatasi inalowa. Gazeti linafaa maandazi (hata hili unalosoma kesho litakuwa linafunga vitumbua, wala sioni aibu) ila dagaa wabichi hapana. Sasa mnataka auzeje?

Wazee wetu walikuwa na jibu, nasi tuliliona kwa macho. Pwani, samaki aliondoka ufukweni ndani ya pakacha, lililosukwa kwa kuti la mnazi dakika chache kabla, na likitupwa linaoza shambani. Bibi hakwenda sokoni bila kikapu cha ukindu, na kikapu hicho kilidumu kuliko ndoa nyingi za siku hizi. Machungwa yalisafiri ndani ya tenga. Nyama ilifungwa kwa jani la mgomba. Mnunuzi alikuja na chombo chake, na aliyekuja mikono mitupu ndiye aliyechekwa. Nailoni ndiyo iliyotufundisha kwenda sokoni kama tunakwenda matembezini.

Halafu kuna mkonge, na hapa uchungu unanizidi. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Kutoka 62 hizo nchi hii ikaja kuongoza dunia. Mwaka 1964 tulivuna zaidi ya tani 200,000. Tanga ilijengwa kwa mkonge. Kamba za meli, magunia, mazulia ya Ulaya, vyote mkonge. Kisha likaja pigo. Nyuzi za plastiki, polipropilini ile ile ya "mfuko wa kitambaa", zikateka soko la kamba na bei ikaporomoka. Mwaka 1967 watawala wakataifisha zaidi ya nusu ya mashamba bila kuwa na watu wa kuyaendesha, na kilichobaki kikafa polepole. Mwishoni mwa miaka ya tisini hatukufika tani 30,000. Plastiki ilituua mara ya kwanza Tanga, kabla haijaziba mtaro wa Kariakoo.

Miaka michache iliyopita tukasikia tena ngoma ya mkonge, lengo likiwa tani 120,000 ifikapo 2025. Mimi sipingi kulima. Ninachouliza ni nyuzi zinakwenda wapi. Sehemu kubwa inapakiwa melini ikiwa nyuzi tupu, wengine wakatengeneze, na sisi tunaagiza polipropilini ili tushone mifuko ya kubebea nyanya za Lushoto! Nchi ya mkonge inabeba nyanya ndani ya mafuta ya watu. Najua mfuko wa mkonge leo ni ghali na unauzwa kwenye maonyesho na maduka ya watalii. Ni ghali kwa sababu unashonwa mmoja mmoja. Kama halmashauri, majeshi, shule na bohari za nafaka zingelazimika kununua magunia ya mkonge ya hapa hapa, kiwanda kingekuwa na soko la uhakika na bei ingeshuka. Serikali inanunua vitu vingi kila mwaka. Inanunua na mashangingi.

Chupa nazo zisisahaulike. Kijana wa leo hajui kwamba soda ilikuwa na masharti: njoo na chupa tupu, au acha pesa ya chupa. Mtoto aliyevunja chupa alipigwa kwa sababu amevunja fedha. Hukuona chupa ya soda mtaroni, maana kabla haijatulia mtu ameshaiokota. Leo maji na soda viko ndani ya plastiki isiyo na pesa ya chupa, na mitaro imejaa. Ujerumani tangu 2003 mnunuzi wa chupa ya kutupa anaacha senti 25 za yuro, anazirudishiwa akiirudisha. Hawakugundua jambo jipya. Babu zetu wenye maduka walilijua wakiwa na daftari la mkopo na kreti ya mbao. Wekeni shilingi mia kwa kila chupa ya plastiki, ilipwe na kiwanda kwa anayeirudisha, muone kama wale vijana wenye viroba mgongoni hawatausafisha mji kwa wiki mbili.

Kwa hiyo tunawataka wabunge, wa upande wowote, wapeleke maswali matatu bungeni kikao kijacho. Tangu Juni 2019 ni viwanda na waagizaji wangapi wametozwa ile faini ya milioni 20 kwenda juu, na majina yao ni yapi? Mifuko mbadala inayouzwa leo, ni mingapi imepimwa na kukutwa na zile gramu 70? Na fedha walizolipishwa wauza mboga zimeingia akaunti gani?

Mimi nimerudi kwa mama jana, na kopo la mfuniko, lile la siagi. Alicheka mpaka akashika meza. "Baba, wewe ndiye wa kwanza leo." Ilikuwa saa tisa alasiri.