Tarumbeta Lisinunuliwe kwa Mng'aro

Tarumbeta si mgeni Mombasa. Beni zilianza kupigwa pwani yetu miaka ya 1890, na wazee wa Kingi na Skochi walishindana kwa mavazi, gwaride na milio mpaka mali nyingi ikateketea. Hata leo arusi ya mjini isipopita matarumbeta hunong'onezwa. Msomaji asiyeziona ala kuwa halali tunamwachia yeye na masheikh wake. Neno letu ni kwa mzazi ambaye mwanawe tayari anapuliza, na mwalimu amekwisha kumwambia kwamba kijana sasa anahitaji tarumbeta lililo bora.

Hapo ndipo fedha zinapopotea. Mzazi huingia dukani akaona chombo chametameta kama dhahabu, kimelazwa ndani ya sanduku la mahameli, na bei yake nafuu. Hukichukua. Haipiti miezi pistoni zaanza kukwama, na kijana, hili ndilo linalotuuma, hudhani kosa ni la pumzi zake. Huzidisha nguvu, midomo ikavimba, sauti ikakwaruza, mwisho akaacha. Kijana amepotea na kosa lilikuwa la chombo.

Wengi huamini kwamba tarumbeta bora ni lenye bomba pana zaidi. Sivyo. Tarumbeta la wanafunzi la Yamaha, namba 2330, tundu lake ni milimita 11.65. Bach Stradivarius namba 37, linalopigwa katika okestra kubwa za Marekani, ni kama milimita 11.66. Tofauti iko katika kazi ya mkono: mdomo mpana wa Bach hugongwa kwa nyundo kutoka kipande kimoja cha shaba, na ule wa mwanafunzi huungwa kwa vipande viwili. Vincent Bach mwenyewe, mzaliwa wa Austria, alikuwa mpiga tarumbeta kabla hajawa fundi.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni bomba la tatu. Pistoni ya kwanza na ya tatu zikibonyezwa pamoja, urefu wa mabomba haujumliki sawasawa, na sauti hupanda kupita kiasi. Kila tarumbeta la pistoni tatu lina ila hiyo, liwe la bei gani. Mpigaji huiondoa kwa kulisukuma nje bomba la tatu kwa kidole cha mkono wa kushoto, papo hapo anapopiga. Bomba likiwa gumu, kijana atatoka nje ya sauti hata awe na sikio la mwadhini. Basi mzazi alijaribu bomba hilo kabla hajauliza bei.

Sisi twashauri la mkono wa pili lililotengenezwa vyema kuliko jipya la ovyo, ila likaguliwe. Livutwe bomba moja nje kidogo bila kubonyeza pistoni yake, mtu asubiri kitambo, kisha abonyeze: lisipotoa mlio mdogo wa kupasuka, hewa inavuja na pistoni zimelika. Bomba la kwanza, lile linalopokea pumzi, litazamwe kama lina madoa mekundu. Hayo ni zinki iliyotoka ndani ya shaba, na hakuna fundi wa kuirudisha. Bomba zima hubadilishwa. Mikwaruzo na rangi iliyobanduka visimtishe mtu.

Na pengine chombo chote hakihitaji kubadilishwa. Wanafunzi wengi huanza na kipulizio cha 7C. Mwalimu akiona midomo imekomaa, 5C au 3C hubadili sauti kwa gharama ndogo sana. Namba ikipungua, kikombe kimepanuka.

Kijana apulize mwenyewe dukani, na mwalimu awe kando yake, kwani mtoto akishakipenda chombo hasikii ila yake. Muuzaji akikataa kipulizwe, watoke waende kwingine. Wakishanunua, wachukue na chupa ya mafuta ya pistoni siku hiyo hiyo. Na kijana anayetoka kunywa chai ya sukari asukutue mdomo kwanza. Lile la zamani lisirushwe uvunguni, kwani darasani daima yuko mdogo anayepokezana chombo na wenziwe.