Kukopa Harusi

Nimechoka kuona anayelipa deni akisifiwa kana kwamba ametoa sadaka. Nazungumzia migahawa ya New York na makombe ya chaza.

Msomaji, chaza mchanga huelea majini wiki mbili tatu hivi, kisha hutafuta kitu kigumu cha kujishikiza hadi mwisho wa maisha yake. Kombe la chaza mwenzake humfaa sana. Ndivyo miamba yao inavyojengeka, kizazi juu ya kizazi. Basi anayekula chaza na kulitupa kombe jalalani amekula mara mbili: amekula nyama, akala na nyumba ya watakaozaliwa.

Zamani bandari ya New York ilijaa chaza. Watu waliwavua bila kiasi, makombe yakachomwa chokaa, maji machafu ya mji yakamiminwa humo. Ilipofika 1927, sehemu za mwisho za kuvulia zilifungwa. Siku hizi, Billion Oyster Project hukusanya makombe migahawani, huyaanika nje kwa muda wa mwaka mmoja hivi mpaka yasafike, kisha huyarudisha majini yakiwa na chaza wachanga. Shabaha yao ni chaza bilioni moja ifikapo 2035. Wanafunzi na watu wa kujitolea hushiriki kazi hiyo bila ujira. Nawaheshimu sana.

Lakini kwa nini kurudisha kombe liwe jambo la hiari? Mwenye mgahawa amepata faida, mlaji ameshiba, halafu anayesafisha na kubeba ni mtoto wa shule!

Wapo watakaosema kuwa sheria itaua moyo wa kujitolea. Sikubali. Huko North Carolina sheria inakataza kutupa makombe ya chaza jalalani, na watu wangali wanajitolea kujenga miamba. Wengine watalalamikia gharama. Gharama hiyo ipo tayari. Tofauti ni nani anayeibeba. Na iingizwe katika bei ya sahani, alipe anayekula. Nguvu za wanaojitolea zibakie kwa kazi ambayo haina mdaiwa: kupanda chaza, kuwatunza na kuwahesabu.

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa harusi imeliwa na wengine, na matanga wameachiwa wasioalikwa.