Chombo Bila Vipuri

Chombo cha vita, kiwe manowari au nyambizi yenye mitambo ya kusikilizia chini ya maji, bila vipuri ni chuma kitupu. Pwani yetu ililipia somo hilo.

Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliharibika mashine, ikajificha Rufiji. Ulaya ilikuwa mbali, na bahari ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Basi vyuma vyake vilikokotwa na Waafrika hadi karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Julai 1915 ilizama. Mizinga yake 10 ikafungwa magurudumu, ikaburutwa nchi kavu. Oktoba 1917 vita vikafika Mahiwa, karibu na Mtama. Wapagazi walikufa kwa maelfu, na wengi hawana kaburi linalojulikana.

Ndugu wafanyakazi, leo pia taifa linunualo chombo pasipo vipuri wala mafundi wake lenyewe hujifunga kwa muuzaji. Kwa hiyo twadai kila mkataba wa chombo cha bahari, kiwe cha ulinzi au cha uvuvi, utaje vipuri na mafunzo ya vijana wetu. Wazee wetu walibebeshwa chuma cha wengine; watoto wao na wakitawale chao.