Baba ataka kuinua vyuma: tumsaidieje?



Jioni moja tulikuwa tumeketi uani pamoja na wadogo zetu. Vijana hawa wana vyuma vyao vya kuinulia: chuma kirefu kilichotolewa katika gari bovu, na kila upande kopo la maziwa lililojazwa saruji. Baba yetu, mwenye miaka 54, alikuwa ametoka hospitalini siku ile. Mganga alikuwa amemwambia kwamba damu yake yapanda, na kwamba kuketi ofisini toka asubuhi hata jioni kwamdhuru. Akawatazama wanawe kitambo, akavua koti, akasema: « Leteni, mwone nguvu za wazee. »

Nasi tukapiga makofi. Akainama, mgongo umepindika, akaziba pumzi, akainua. Mara ya tatu uso wake ulibadilika. Akaangusha chuma kwa kishindo, akashika ukuta. Aliumwa kiuno siku tisa, na siku hizo zote hakuna aliyecheka nyumbani.

Kosa lilikuwa letu sisi watoto. Baba alitaka jambo jema, tukaligeuza kuwa mashindano. Alipotaka kuanza tena, tulikwenda naye kumwuliza mganga, tukajifunza kazi hii tangu mwanzo. Yale tuliyojifunza twawaandikia leo, kwani wengi wenu mna baba au mama wa umri huo.

Je, hajachelewa?

Hapana. Tangu miaka 30 hivi misuli ya mwili huanza kupungua, kadiri ya 3 hadi 8 kwa mia kila miaka kumi. Na mtu akipita miaka 60 hasara huzidi. Dalili zake twaziona kila siku: mzazi ajishika magoti akitaka kuinuka, asimama mara mbili katika kipando ambacho zamani alikipanda huku akizungumza. Mwisho wake ni kuanguka na kuvunjika mfupa wa paja.

Walakini misuli ya mzee haijasahau kazi. Mwaka 1990 waganga wa mji wa Boston, huko Marekani, walitoa habari za wazee kumi dhaifu, wenye miaka 90 hivi, waliofundishwa kuinua uzito kwa miguu yao. Tisa walimaliza majuma 8, na nguvu za miguu yao zilizidi maradufu. Wawili waliacha fimbo zao za kutembelea. Ikiwa mtu wa miaka 90 aweza hayo chini ya uangalizi, wa miaka 54 asikate tamaa. Shirika la Afya Ulimwenguni nalo, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lawataka watu wazima wote wafanye kazi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kila juma.

Hospitali kwanza

Kabla ya kushika uzito wowote, mzazi apimwe. Shinikizo la damu likifika 140 juu ya 90, mganga na aseme namna ya kuanza. Likiwa 180 juu ya 110, uzito ungoje mpaka dawa zilishushe. Mwenye ugonjwa wa moyo, ngiri, au mgongo ulioumia zamani, aseme bila kuficha. Anayemeza dawa za sukari au kudungwa sindano zake asifanye mazoezi na njaa, na awe na kitu kitamu karibu. Tena, mtu asiache dawa zake kwa sababu ajiona mwenye nguvu.

Bidoni mbili za maji

Vyuma vya vijana tuliviacha pale pale. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na nyumba gani haina bidoni? Bidoni mbili ndogo zenye vifuniko vilivyokazwa vema zatosha. Kwa maji mtu aweza kuongeza nusu kilo tu, jambo ambalo kopo la saruji haliwezi.

Majuma mawili ya kwanza Baba hakushika hata bidoni. Aliketi kitini na kuinuka bila kutumia mikono. Alisimama mbele ya ukuta na kujisukuma kwa viganja. Alijifunza kuinama kwa kusukuma makalio nyuma, magoti yamekunjwa kidogo na mgongo umenyoka. Kisha tukatia lita 2 katika kila bidoni. Akaziinua toka juu ya kibao kwa namna ile ile ya kuinama. Akaegemea meza kwa mkono mmoja na kuvuta bidoni kwa mwingine hata ubavuni. Mwishowe akatembea nazo toka mlangoni hata mwembeni na kurudi.

Kila zoezi alilifanya mara 8 hadi 12, akapumzika dakika mbili, akarudia. Alitua angali aweza kufanya mara mbili au tatu zaidi. Huo ndio mpaka wa mtu anayeanza. Siku zetu zilikuwa Jumanne na Ijumaa, maana misuli hujengwa wakati wa mapumziko, tena kwa chakula: maharagwe, mayai, soya, ndakala au sambaza.

Pumzi isizibwe. Anayeinua huku ameziba pumzi hupandisha damu yake ghafula, na kwa mtu ambaye damu yake yapanda tayari, hatari ni kubwa. Atoe pumzi anapoinua, aivute anaposhusha. Tena ahesabu kwa sauti: mdomo unaohesabu hauwezi kuziba pumzi. Ndipo jirani wakasikia Baba akihesabu kama mtoto wa darasa la kwanza, wakacheka, naye akacheka pamoja nao.

Maumivu kidogo ya misuli kwa siku moja au mbili ni ya kawaida. Maumivu makali ya kiungo ni amri ya kuacha zoezi lile. Lakini akisikia kifua kubanwa, maumivu yakienda mkononi au tayani, jasho baridi, kizunguzungu au pumzi kukatika, apelekwe hospitali saa ile ile. Vivyo hivyo, mkojo wake ukiwa wa rangi ya chai nzito baada ya mazoezi, asingoje kesho.

Mtoto atamwamuruje baba yake?

Hapa ndipo tulipopata taabu kuliko pengine pote. Sisi hufundisha watoto shuleni na kuwaambia: « Weka chini, anza tena. » Je, nani awezaye kusema hivyo kwa aliyemzaa? Amri ya kuwaheshimu wazazi haina likizo uani. Walakini mtoto anyamazaye kwa heshima huku baba yake apindisha mgongo, heshima yake ni ya bure.

Tulitafuta, tukapata dawa: daftari la shule la kurasa 32. Kila siku Baba mwenyewe aliandika tarehe, lita na hesabu. Tulikubaliana naye tangu mwanzo kwamba nusu lita itaongezwa pale tu atakapofika mara 12 katika mizunguko yote, siku mbili zikifuatana, bila mgongo kupindika. Alipotuuliza kwa mzaha: « Mwalimu, leo waniongezea? », tulijibu: « Baba, daftari lasema bado. » Naye hakuona haya, kwa kuwa mwandiko ulikuwa wake.

Pia tulishika uzito sawa na wake na kufanya pamoja naye. Tuliwakataza wadogo kupiga makofi na kulinganisha. Na tulichagua saa ambayo wageni hawaji.

Neno juu ya mama zetu

Wengine watauliza: « Na Mama je? » Misuli yake hupungua vilevile, na mifupa yake hudhoofika upesi zaidi akiisha kukoma hedhi, kwa hiyo mazoezi haya yamfaa sana. Lakini tazameni kwanza siku yake. Mama abebaye bidoni ya lita 20 toka kisimani, na makala, na gunia la mihogo, ameinua mengi kabla jua halijachwa, tena kwa shingo na kiuno kile kile bila siku ya kupumzika. Kumwongezea uzito jioni ni kumwonea. Msaada wake wa kwanza ni wanawe kuchukua bidoni ile kichwani pake. Akiisha kupata mapumziko ya kweli, basi aanze kwa kiti na ukuta kama Baba.

Sasa ni mwezi wa nane. Baba angali ameza dawa zake kama mganga alivyoagiza, na kila mwezi huenda kupimwa. Huinuka katika kigoda bila kushika kitu. Bidoni zimefika lita 6 kila mkono. Kwa kijana ni kidogo, kwake ni mara tatu ya mwanzo. Chuma cha wadogo zetu kingali uani. Juzi alikipita, akakitazama, kisha akafungua daftari, akaandika: « Ijumaa, lita 6 na nusu. »