Binti yako anakimbia, je, anashiba?

Tangu Alphonce Simbu alipoiletea Tanzania dhahabu ya marathoni katika Mashindano ya Dunia ya Riadha jijini Tokyo, Septemba 2025, wazazi wananiuliza: mtoto anayekimbia mbio ndefu ale nini ili awe mwepesi? Mimi nasema, mzazi, uliza kwanza kama anakula chakula cha kutosha.

Mwili hugawa chakula kama mama anavyogawa hela ya matumizi. Mazoezi yakichukua sehemu kubwa na chakula kikawa kidogo, mwili hubana kwingine. Kwa msichana, hedhi huvurugika au hukoma kabisa. Homoni ya estrojeni hupungua, na mifupa hudhoofika katika umri ambao ingepaswa kujiwekea akiba ya uzeeni. Ndipo hupata nyufa ndogo. Wavulana nao hawako salama: huchoka, huumia mara kwa mara, na kasi hushuka.

Wapo wanaosema hedhi kukoma ni ishara kwamba mazoezi yamekolea. Si kweli. Mara nyingi ni ishara ya mwili wenye njaa, hata kama binti haonekani amekonda. Kwa sababu hiyo, kocha anayewapima wasichana uzito mbele ya wenzao na kuwasifia waliopungua anawaumiza.

Tiba kubwa iko jikoni kwako. Kabla ya mazoezi ya alfajiri, apate japo ndizi mbivu au kikombe cha uji. Akirudi, asisubiri chakula cha mchana. Ndani ya saa moja ale viazi vitamu, mihogo au chapati, pamoja na yai, maziwa au maharage. Mchana na usiku usimpunguzie ugali au wali, maana wanga ndio nguvu ya mkimbiaji. Pembeni weka maharage au dagaa, mchicha na chungwa. Jioni karanga zinafaa. Chai ikae mbali na mlo, angalau saa moja, kwa sababu hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa kutoka kwenye chakula.

Vidonge na unga wa kuongeza nguvu usimnunulie kwa kusikia tu. Baadhi huwa na vitu vilivyokatazwa michezoni, na vinaweza kumfungia njia mtoto asiye na kosa.

Mpeleke hospitali kama amekosa hedhi miezi mitatu mfululizo, kama ametimiza miaka 15 hajavunja ungo, au kama mguu unamuuma mahali palepale kila akikimbia. Hedhi ina sababu nyingine za kukoma, ukiwemo ujauzito, hivyo usimhukumu wala usijitibie nyumbani. Mwache daktari apime.

Na leo jioni, ukishamuuliza amekimbia kilomita ngapi, muulize pia amekula nini.